Port Sudan hadi Omdurman kwa basi: shajara ya Novemba 2025

Nilisoma Khartoum mpaka Aprili 2023. Vita vilitukuta mwisho wa Ramadhani, tukatolewa kwa mabasi hadi mpaka wa Ethiopia na kutoka hapo kwa ndege hadi nyumbani. Mwaka huu nilirudi kwa mambo mawili: kufuata vyeti, na kuwaona watu wa nyumba niliyokuwa nimepanga Omdurman, mji ulio ng'ambo ya Nile kutoka Khartoum. Sasa niko Mwanza, nina daftari, risiti na picha za simu, na nimeona niandike yote kwa mpangilio kwa sababu wapo wenzetu wengi ambao vyeti vyao bado viko kule.

Kwa asiyeijua ramani: Sudan ni ya tatu kwa ukubwa Afrika hata baada ya Kusini kujitenga Julai 2011, karibu kilomita za mraba milioni 1.86, yaani kama Tanzania mbili. Mimi nilipita pembe yake ya kaskazini mashariki tu. Darfur na Kordofan, huko magharibi, ambako wakati huo ndiko mapigano makubwa yalikokuwa, sikukanyaga. Ninayoandika kuhusu huko nimeyasikia kwa watu waliotoka huko.

Alhamisi, 13 Novemba: Port Sudan

Ndege kutoka Addis Ababa ilitua saa nane mchana. Mvua ilikuwa imenyesha. Pwani ya Bahari ya Shamu hupata mvua yake miezi hii, wakati Sudan yote nyingine imekauka. Uhamiaji ulikwenda vizuri. Kilichonichelewesha ni foleni ya mizigo, maana kila familia ilishusha masanduku kama inayohama, na kweli ilikuwa inahama, inarudi kwao.

Mji huu Waingereza waliujenga mwanzoni mwa karne iliyopita, na bandari ilifunguliwa rasmi mwaka 1909. Ndio mlango mkubwa wa nchi nzima baharini. Vita vilipoiteketeza Khartoum, serikali ikahamia hapa, na watu wengi waliokimbia wakaifuata. Kodi zikapanda mpaka wenyeji wenyewe wakasogezwa pembeni. Kitanda katika chumba cha watu wanne nilikipata kwa dola 20 baada ya kuzunguka sana na bajaji. Mei mwaka huu droni zilipiga uwanja wa ndege, maghala ya mafuta na kituo cha umeme siku kadhaa mfululizo, na weusi wa moshi bado unaonekana.

Shida kubwa ya hapa ni maji. Bwawa la Arba'at, lililo kaskazini ya mji, lilipasuka Agosti 2024 kwa mafuriko. Asubuhi nzima unasikia mikokoteni ya punda yenye pipa la chuma ikipita vichochoroni, mwenye nacho ananunua, asiye nacho anasubiri jirani.

Jioni nilikaa kwa mama mmoja anayeuza kahawa kando ya barabara. Anakaanga buni mbele yako, anazitwanga pamoja na tangawizi, anaitia katika jabana, chungu kidogo cha udongo chenye shingo ndefu, na mdomoni anachomeka nyuzi za mtende zichuje. Ukimaliza kikombe anajaza kingine. Aliponisikia nikizungumza Kiarabu cha Khartoum aliniuliza nyumba yetu ilikuwa mtaa gani, kisha akakataa hela.

Ya kukumbuka: jiandikishe polisi wa wageni ndani ya siku tatu, na omba kibali cha kusafiri kabla hujakata tiketi ya basi. Beba picha za pasipoti nyingi na nakala za viza. Dola ziwe mpya, zisizochorwa. Sokoni dola moja ilikuwa zaidi ya pauni 3,500. Kabla ya vita ilikuwa kama 600. Noti kubwa ilikuwa ya 1,000, kwa hiyo dola mia ilikupa furushi. Wenyeji karibu wote wanalipana kwa simu kupitia Bankak, programu ya benki, na mgeni asiye na akaunti hutegemea rafiki amlipie naye amrudishie taslimu.

Jumamosi, 15 Novemba: Suakin

Kibali kilisema Jumapili, basi nikaitumia siku kwenda Suakin, kama saa moja kusini kwa basi dogo, pauni 5,000.

Mtu wa pwani yetu akifika pale atajiona yuko nyumbani kwa kina fulani. Kisiwa kidogo cha mviringo ndani ya hori, na juu yake nyumba za mawe ya matumbawe na chokaa, sawa na za Lamu na Mji Mkongwe. Tofauti ni kwamba za Suakin karibu zote zimeanguka. Unapita lango, unakuta vilima vya matumbawe meupe, kuta mbili tatu zilizosimama, mbao za roshani zilizooza, na mwewe juu yake. Chokaa isipopakwa kila mara, matumbawe hunyonya unyevu na kuachia. Wafanyabiashara walipohamia Port Sudan baada ya 1909, hakubaki wa kuipaka.

Hapa ndipo mahujaji wa Afrika Magharibi walipofikia baada ya miaka ya kutembea, wengine wakilima pamba njiani wapate nauli ya kuvukia Jeddah, na wazao wao wako Sudan hadi leo. Hapa pia ndipo watumwa waliotekwa magharibi na kusini walipopakiwa. Mlinzi alinionyesha ukuta uliokuwa wa nyumba ya mtawala. Kitchener, afisa wa jeshi la Waingereza, alikaa Suakin kama gavana miaka ya 1880, kabla hajarudi kuivamia nchi nzima kupitia njia nyingine.

Meli za Jeddah bado zinaondokea upande wa bara wa mji. Nilikuta familia zimelala kivulini juu ya mikeka zikisubiri. Mzee mmoja alinikaribisha samaki wa kukaanga na mkate, wakati yeye mwenyewe alikuwa na watoto sita wa kuwalisha. Nilikula tonge moja, akanishika mkono mpaka nikala la pili.

Jumapili, 16 Novemba: Port Sudan hadi Atbara

Tiketi pauni 70,000. Tuliambiwa tufike saa kumi na moja alfajiri, basi likaondoka saa mbili kasoro, kwa sababu ya mizigo: magodoro, mitungi ya gesi, paneli za sola zilizofungwa kwa blanketi, hata mlango mmoja wa chuma. Mama aliyekaa mbele yangu alikuwa anarudi Bahri, upande wa pili wa mto kutoka Khartoum, baada ya miaka miwili na zaidi ya kupanga chumba Port Sudan. Mlango ulikuwa wake. Aliambiwa na jirani kwamba nyumba ipo ila milango yote imeng'olewa, akaona bora aende na mmoja.

Barabara inapita Suakin, kisha inageuka na kupanda milima ya Bahari ya Shamu. Ni nchi ya Wabeja, mawe meusi na migunga, ngamia wachache, wanaume wenye vizibao juu ya kanzu nyeupe na upanga begani. Mchana tulisimama Haiya, njia panda ya Kassala na Atbara. Pale wanachoma nyama ya mbuzi juu ya mawe yaliyopashwa moto. Mafuta yanadondoka katikati ya mawe, nyama inabaki kavu kwa nje na laini ndani. Sahani pauni 12,000, tukachanga watu wanne.

Aliyekaa pembeni yangu alikuwa kijana wa El Fasher, mji wa Darfur. Alikuwa amefanya kibarua bandarini Port Sudan tangu mwaka jana. El Fasher ilizingirwa tangu Mei 2024 na ikaangukia mikononi mwa RSF, Vikosi vya Msaada wa Haraka, tarehe 26 Oktoba mwaka huu. Tangu siku hiyo hajampata mama yake kwenye simu. Amesikia kwamba waliofanikiwa kutoka wanafikia al-Dabba, huko kwenye kona ya Nile kaskazini, basi anakwenda kuwatafuta kambini, hema kwa hema. Alikuwa na mfuko mmoja wa nailoni na picha ya mama yake kwenye simu.

Vizuizi vya barabarani ni vingi. Kwa kila kizuizi kijana mwenye bunduki anapanda, anatazama nyuso, anaomba vitambulisho. Mimi mgeni nilionyesha kibali, nikaachwa. Mama wa mlango hakuulizwa chochote. Kijana wa El Fasher aliteremshwa kizuizi cha kwanza, cha pili na cha tatu. Kabila gani? Ulitoka Darfur lini? Nani unaongea naye huko? Simu ikapekuliwa. Huyu ni mtu ambaye mji wake umemalizwa na RSF, na kwa kuwa sura na lafudhi yake ni za magharibi anashukiwa kuwa wa RSF.

Kizuizi cha tatu, kabla hatujaingia Atbara, walimshikilia. Dereva akazima injini. Mama wa mlango akashuka, umri wake wa kutosha kuwa bibi yangu, akaenda kusimama kati yao akasema, "Wanangu, huyu anamtafuta mama yake. Mkimbakiza, na mimi nabaki, na godoro langu lishusheni." Utingo akashuka. Wanaume watatu wakashuka. Tulisimama pale jua linazama, hakuna aliyepaza sauti, mpaka mkubwa wao akaja, akaisikiliza habari, akarudisha simu. Kijana alipopanda, mama akampa chungwa, akalimenya kwanza.

Katika safari yote hakuna nilichokiona kilichonieleza Sudan vizuri kuliko saa ile. Wengi kwetu wanaiita vita vya Waarabu na Waafrika, au vya dini. Pande zote mbili ni Waislamu. Majenerali wote wawili, Burhan wa jeshi na Hemedti wa RSF, wametoka katika dola moja, wakapindua pamoja Oktoba 2021. Dola hiyo tangu zamani imekaa kando ya mto, na magharibi imeyatumia kama mahali pa kuchukulia: watumwa, askari, ng'ombe, sasa dhahabu. Darfur ilipoasi mwaka 2003, serikali ya Omar al-Bashir iliwapa silaha wanamgambo, Janjaweed, wachome vijiji vya Wafuri, Wamasaliti na Wazaghawa. Mwaka 2013 wanamgambo hao wakavishwa sare wakaitwa RSF. Walipogombana na jeshi juu ya lini waunganishwe nalo, jeshi likitaka miaka miwili na wao wakitaka kumi, moto uliowashwa Darfur ukaingia sebuleni Khartoum tarehe 15 Aprili 2023. Na bado anayeshushwa kwenye basi ni mtoto wa Darfur.

Jumatatu, 17 Novemba: Atbara

Tulilala kwenye vitanda vya kamba nyuma ya stendi, pauni 10,000, na supu ya asubuhi ndani yake.

Atbara ni mji wa reli. Jeshi la Kitchener lilitandika reli kutoka Wadi Halfa kukata jangwa mwaka 1897, likafika hapa mwaka uliofuata, na ndiyo iliyobeba mizinga iliyoimaliza dola ya Mahdi, dola ya Kiislamu iliyoitawala Sudan wakati huo. Kisha makao makuu ya reli yakawekwa hapa, na wafanyakazi wake ndio walioanzisha vyama vya wafanyakazi vilivyowatoa jasho Waingereza miaka ya 1940. Desemba 2018 bei ya mkate ilipopanda kutoka pauni moja hadi tatu, maandamano yalishika moto mji huu kabla ya Khartoum. Miezi minne baadaye Bashir, aliyetawala tangu Juni 1989, alikuwa ameondoka, na treni iliyojaa watu wa Atbara mpaka juu ya paa ikaingia Khartoum kuungana na waliokesha mbele ya makao ya jeshi. Nilikuwa bado sijaanza chuo, lakini wenzangu waliihadithia treni ile kama Wazanzibari wanavyohadithia Januari 1964.

Leo shule kadhaa za Atbara zinakaliwa na wakimbizi wa ndani. Nilifika kwenye takaya moja, jiko la mtaa. Sufuria mbili kubwa za maharagwe ya ful, vijana wanapakua, watoto wamepanga ndoo na vikombe. Mhasibu wao ni msichana mwenye daftari la shule; kila anayechangia jina linaandikwa upande mmoja, na gunia lililonunuliwa upande wa pili. Majiko haya yanaendeshwa na wananchi wenyewe, mengi kwa hela za Wasudani walioko Ghuba, Ulaya na Marekani. Nilikula pale, ful na mafuta ya ufuta na kitunguu, nikaacha mchango, nikaona jina langu likiandikwa kwa Kiarabu.

Kijana wa El Fasher alipata gari la kwenda Merowe na kuunganisha al-Dabba. Abiria wa basi letu waliobaki Atbara walimchangia nauli. Alituachia namba yake.

Mchana nilikwenda kuona Mto Atbara unapoingia Nile. Ndio mto wa mwisho kuipa Nile maji. Kutoka hapo mpaka Bahari ya Kati hakuna mwingine.

Jumanne, 18 Novemba: Bajrawiya na Shendi

Piramidi za Meroe, pale Bajrawiya, zinaonekana kutoka barabarani, upande wa mashariki, meno meusi juu ya kilima cha mchanga. Mwambie dereva mapema akushushe, na panga kabisa gari litakalokupitia, maana baada ya saa tisa magari hupungua. Mimi nilipatana na mwenye pikapu Atbara, pauni 60,000, tukawa watatu.

Wafalme na malkia wa Kushi, dola ya kale ya hapa, walizikwa hapa kuanzia karne ya tatu kabla ya Kristo hadi karne ya nne baada yake. Sudan ina piramidi zaidi ya 200, nyingi kuliko Misri, ila ndogo na zenye mgongo mkali. Vichwa vimekatika: mwaka 1834 Mwitaliano Ferlini alizibomoa akitafuta dhahabu, akaipata kwa malkia Amanishakheto, na vito vile viko Berlin na Munich. Ndani ya vyumba vya sadaka unaona malkia amechongwa mnene, ana mabega mapana, ameshika mateka kwa nywele. Niligusa hewa tu mbele ya jiwe, sikuligusa. Mlinzi alisema wageni wake sasa ni familia za Khartoum zilizokimbilia mkoa huu, ambazo miaka yote hazikuwahi kuja. Alitutembeza moja moja, akasisitiza tusipande, kisha akatupa maji ya kunywa kutoka mtungi wake.

Kandokando ya barabara kuna mashimo na mahema ya wachimba dhahabu. Dhahabu ndiyo inayolipa risasi pande zote mbili.

Tulilala Shendi. Mwaka 1822 mtawala wa hapa, Mek Nimr, alimteketeza kwa moto mtoto wa Muhammad Ali wa Misri aliyekuja kudai watumwa na fedha, na kisasi cha Wamisri kikaua maelfu.

Jumatano, 19 Novemba na siku zilizofuata: Omdurman na Khartoum

Basi linavuka daraja la Shendi kwenda Matamma na kushuka ukingo wa magharibi. Unaingia Omdurman kupitia Karari, uwanda ambao tarehe 2 Septemba 1898 bunduki za Kitchener ziliua zaidi ya watu 10,000 wa Khalifa Abdullahi, mrithi wa Mahdi, kabla ya mchana. Khalifa alikuwa mtu wa magharibi, wa kabila la Wataisha wa Darfur. Karari haikuangukia RSF, kwa hiyo imejaa. Soko limefurika hadi kwenye lami.

Nyumba niliyopanga iko Omdurman ya zamani, eneo lililokuwa mstari wa mbele. Mama mwenye nyumba alinipokea mlangoni kwa machozi, kisha akaniuliza habari za mama yangu, za kaka zangu, za mvua ya kwetu, moja moja, ndipo akaniruhusu kukaa. Kitanda changu kilitumika kuwa kuni. Nyaya za umeme zilichomolewa ukutani kwa ajili ya shaba, unaona mfereji kwenye plasta kutoka swichi hadi dari. Usiku taa ni ya sola. Mume wake alifariki mwaka 2024, dawa za kisukari zilipokosekana, akazikwa uani kwa sababu ya risasi. Mwaka huu mabaki yakahamishiwa makaburini. Alinionyesha sehemu ile, pamepandwa mwarobaini.

Khartoum ng'ambo jeshi liliirudisha Machi mwaka huu, Ikulu tarehe 21. Nilivuka kwa basi dogo. Majengo marefu yametobolewa, mitaa mingine imefagiwa na mama wa chai amerudi na viti vyake, mtaa unaofuata hakuna mtu. Makumbusho ya Taifa yameporwa. Nilikwenda Mogran, Nile mbili zinapokutana. Nile Nyeupe ndiyo ya kwetu: maji yaliyotoka ziwani Mwanza, yakapita Jinja, yakapotea nusu kwenye vinamasi vya Sudan Kusini, yakafika hapa yamepoa. Ya Buluu inatoka Ethiopia na ndiyo yenye nguvu ya mafuriko.

Vyeti nilivipata baada ya kuzungushwa. Ofisi zilikuwa zinahama kutoka Port Sudan kurudi Khartoum, kwa hiyo uliza kwanza dirisha liko wapi wiki hiyo, na kama una mtu anayeaminika kule, mwandikie barua ya uwakilishi iliyogongwa mhuri wa ubalozi. Huhitaji kwenda mwenyewe. Kwa sasa simshauri mtu aende kwa matembezi. Droni bado zinapiga vituo vya umeme na viwanja vya ndege. Beba dawa zako zote, vidonge vya kusafisha maji, na chaja ya sola. Kipindupindu kimeua watu wengi mwaka huu, kunywa kilichochemka.

Kurudi nilipanda basi la moja kwa moja hadi Port Sudan, siku nzima na usiku, hakuna la kusimulia ila vumbi.

Nikiwa nasubiri ndege, kijana wa El Fasher alituma ujumbe. Amewapata wadogo zake wawili al-Dabba, walifika na jirani. Mama hayupo nao. Walitengana njiani usiku wa kutoka mjini. Mama wa mlango ameshamwambia awalete watoto Bahri, chumba kimoja cha nyumba yake kina paa. Yeye amekataa kwanza, anataka abaki kambini mwezi mmoja, kwa sababu bado watu wanafika kila siku.